MAGAZIJUTO Mbele ya Mkalimani wa Kompyuta

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha Hisabati katika madarasa ya juu ya shule ya msingi nchini Tanzania anaifahamu MAGAZIJUTO. Ni neno lililoundwa kwa silabi za mwanzo za Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha na Toa, nalo hukaririwa na darasa zima kwa sauti moja kama wimbo wa mchakamchaka. Sisi wenyewe tulilikariri tukiwa watoto, tukalifundisha tukiwa walimu, na tulipopewa dhamana ya ukufunzi tukawafundisha wengine namna ya kulifundisha. Katika muda wote huo hatukupata kulitilia shaka. Makala haya yanaeleza jinsi shaka ilivyotuingia, na jinsi mashine moja ndogo ilivyoturudisha darasani kuomba radhi.

Mahali penyewe ni Bwejuu. Hatusemi kile kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, bali kisiwa kidogo cha wilaya ya Mafia, kilicho upande wa mlango wa bahari unaotenganisha kisiwa kikuu na delta ya Rufiji. Hufikiwa kwa chombo kutoka Kilindoni, na safari yake hupangwa na maji na upepo zaidi kuliko saa ya mkononi. Watu wake ni wavuvi. Tulikwenda huko kuwakagua wanachuo wawili waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, na kwa kuwa bahari ilichafuka tulilala siku tatu badala ya moja. Lau bahari ingalikuwa shwari tungaliondoka jioni ya siku ya kwanza, nasi tungalikuwa bado tunafundisha kosa lile lile.

Mwanachuo wa kwanza alikuwa na sauti ya kusikika na mwandiko mzuri wa ubaoni. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na alizingatia agizo tunalolirudia kila mwaka chuoni, kwamba mfano utoke katika mazingira ya mtoto. Aliandika ubaoni kwamba mama amechokoa pweza kilo 4, akauza kila kilo kwa shilingi 3,500. Akalipa deni la dukani shilingi 2,000. Kisha jirani akamrudishia shilingi 1,000 alizokuwa amemkopesha. Mama ana shilingi ngapi? Akawaongoza watoto kuligeuza fumbo hilo kuwa usemi wa hesabu:

4 × 3500 − 2000 + 1000

Mtoto mmoja wa kike aliyekaa karibu na dirisha alinyoosha mkono kabla ya wenzake kumaliza kunakili. Akasema, “Mwalimu, mama ana elfu kumi na tatu.” Alipoulizwa amepataje, akaeleza bila kusita: mama aliuza akapata elfu kumi na nne, akalipa elfu mbili zikabaki kumi na mbili, jirani akaleta elfu moja.

“Hiyo ni hesabu ya kichwa,” mwanachuo akamjibu kwa upole. “Sisi tunafuata kanuni. Kanuni inasemaje?”

Darasa likaitika: MA-GA-ZI-JU-TO. Basi wakaifuata. Mabano hakuna. Kugawanya hakuna. Kuzidisha kupo, 14,000. Kujumlisha kunatangulia kutoa, kwa hiyo 2,000 na 1,000 ni 3,000. Mwisho kutoa: 14,000 kutoa 3,000 ni 11,000. Jibu likapigiwa mistari miwili chini. Yule mtoto akabaki amesimama.

“Sasa zile elfu mbili zimekwenda wapi, mwalimu?”

Darasa lilicheka, naye akaketi. Sisi tulikuwa nyuma ya darasa na fomu ya ukaguzi magotini. Katika safu ya ufahamu wa somo tulitia alama ya “vema sana”, na pembeni tukaandika kwamba mwanachuo ameweza kulidhibiti darasa na kusahihisha kosa la mwanafunzi. Fomu hiyo tungali nayo.

Jioni, katika nyumba ya walimu, tulimsimulia mwanachuo wa pili kisa hicho kama mzaha. Kijana huyu alikuwa amekuja na kompyuta mpakato yake, akiichaji kwa umeme wa jua mchana na kuitumia usiku kwa ubahili mkubwa. Hakucheka. Aliifungua mashine, akaandika usemi ule ule, ila kwa nyota mahali pa alama ya kuzidisha kama ilivyo desturi ya kompyuta, kisha akabonyeza kitufe. Mashine ikajibu 13000.

Tulimwambia kuwa mashine yake haijui MAGAZIJUTO.

“Inaijua, Mkufunzi,” akasema, “ila inaijua kwa namna nyingine.”

Tukamtaka aandike tena akitia mabano, 4 * 3500 - (2000 + 1000), na mashine ikatoa 11000. Hapo tulinyamaza. Ilikuwa dhahiri kwamba asubuhi ile sisi na mwanachuo wetu tulikuwa tumetia mabano ambayo hakuna mtu aliyeyaandika. Zile elfu mbili zilipotelea humo ndani ya mabano. Shilingi 1,000 aliyoileta jirani, badala ya kuongezwa kwenye fedha za mama, iliongezwa kwenye deni lake. Kwa hiyo mama alinyimwa elfu moja iliyokuwa haki yake, kisha akatozwa elfu moja nyingine. Mtoto wa darasa la sita aliliona jambo hilo kwa jicho la mtu anayejua fedha zinavyoingia na kutoka nyumbani kwao.

Yafaa tueleze sasa kilichokuwa ndani ya mashine ile, kwa kuwa ndicho kilichotufaa darasani siku iliyofuata. Walimu wengi wa rika letu walifundishwa na watu ambao hawakupata kuigusa kompyuta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya matumizi yake ya mwanzo serikalini kuleta hasara, na katazo hilo lilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Si ajabu basi kwamba wengi wetu tunaiona mashine hii kama kitu cha miujiza, au cha kuandikia barua tu.

Lugha za kompyuta huifikia mashine kwa njia mbili kubwa. Kuna mfasiri, ambaye kama mfasiri wa vitabu huchukua maandishi yote, akayageuza yote kuwa lugha ya mashine, na ndipo kazi ianze. Na kuna mkalimani, ambaye husimama kati ya wazungumzaji wawili akitekeleza kila tamko papo hapo. Lugha aliyoitumia kijana wetu huitwa Nuru. Ni lugha ya kompyuta iliyobuniwa nchini katika miaka hii ya 2020, ambayo amri zake ni maneno ya Kiswahili: fanya, andika, kama, sivyo, rudisha. Mkalimani wake ameandikwa kwa lugha nyingine ya kompyuta iitwayo Go. Kwa mwalimu wa shule ya msingi faida yake ni kwamba mtoto hasomi neno hata moja la kigeni kabla ya kuanza kufikiri.

Mkalimani anapopewa usemi hakokotoi mara moja. Kwanza huukatakata katika vipande: 4 ni kipande, nyota ni kipande, 3500 ni kipande, na kadhalika hadi mwisho. Katika hatua hii hajui maana ya chochote, kama mtoto wa darasa la kwanza anayetambua herufi bila kusoma neno. Baada ya hapo huvichanganua vipande hivyo, na hapa ndipo tulipoketi vizuri kitini, maana tulichoonyeshwa tulikuwa tukikijua tangu zamani kutoka katika somo jingine kabisa.

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha uchanganuzi wa sentensi kwa njia ya matawi, huanza na sentensi nzima juu, akashusha tawi la kundi nomino na tawi la kundi kitenzi, na kila tawi likashusha vitawi vyake mpaka kwenye neno moja moja. Tunafanya hivyo kwa sababu maneno yaliyopangwa mstari mmoja hayasemi yenyewe lipi limeshikana na lipi. “Tulimwona mtoto wa mwalimu aliyeanguka.” Ni nani aliyeanguka, mtoto au mwalimu? Mstari hausemi. Mti wa matawi husema, kwa kuwa hauna budi kuliweka neno “aliyeanguka” chini ya mmoja wao. Usemi wa hesabu nao ni sentensi. Una utata wa namna hiyo hiyo, na mkalimani huuondoa kwa namna hiyo hiyo, kwa kuchora mti.

Mti wa usemi wetu ni huu. Juu kabisa ipo alama ya kujumlisha. Tawi lake la kulia ni 1000 peke yake. Tawi lake la kushoto ni alama ya kutoa, nayo ina 2000 kulia, na kushoto ina alama ya kuzidisha, ambayo matawi yake ni 4 na 3500. Vipande saba kwa jumla, alama tatu na namba nne. Mti wa jibu la 11,000 una vipande hivyo hivyo saba, ila juu yake ipo alama ya kutoa, na kujumlisha kumeshushwa chini upande wa kulia.

Mkalimani anajuaje ni mti upi wa kuchora? Njia inayotumiwa katika Nuru na katika lugha nyingine nyingi ilielezwa na Vaughan Pratt mwaka 1973, nayo ni rahisi mno kiasi cha kumtia mtu haya kwa kutoifikiria mwenyewe. Kila alama imepewa uzito. Kujumlisha na kutoa zina uzito mmoja ulio mdogo. Kuzidisha na kugawanya zina uzito mmoja ulio mkubwa zaidi. Mkalimani husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kila anapoikuta namba iliyo kati ya alama mbili hujiuliza nani anaivuta kwa nguvu zaidi. Wa kulia akiwa mzito zaidi, huipata. Uzito ukiwa sawa, namba huchukuliwa na wa kushoto, kwa kuwa yeye alitangulia kuishika. Katika usemi wetu, 2000 ipo kati ya kutoa na kujumlisha. Uzito ni sawa. Kutoa ndiko kulikotangulia, basi 2000 ni ya kutoa. Kujumlisha kunalazimika kungoja, na kinachoongezwa 1000 ni matokeo ya yote yaliyopita.

Kwa mkalimani, kwa hiyo, hakuna ngazi tano za MAGAZIJUTO. Ngazi ni tatu: mabano, kisha gawanya na zidisha kwa pamoja, kisha jumlisha na toa kwa pamoja. Neno letu limewapanga ndugu hawa wawili wawili kwa foleni, mmoja mbele ya mwenzake, na mtoto anayelitii neno hilo kama lilivyo hukosa. Kasoro hii hatukuizua sisi. BODMAS ya Waingereza, ambayo nayo huanza na mabano, imepangwa hivyo hivyo, kugawanya mbele ya kuzidisha na kujumlisha mbele ya kutoa; tuliipokea pamoja na kasoro yake.

Usiku ule tulikaa na karatasi tukijaribu, na tukagundua jambo ambalo twaona lafaa kuwekwa mbele ya walimu wenzetu. Nusu ya kwanza ya foleni haina madhara, ila nusu ya pili inayo. Ukitanguliza kugawanya mbele ya kuzidisha, mradi mgawanyo ufanywe kwa ukamilifu bila kutupa baki, jibu hubaki lile lile: 2 × 12 ÷ 4 ni 6 ukianza kushoto, na ni 6 pia ukianza na 12 ÷ 4. Lakini ukitanguliza kujumlisha mbele ya kutoa, unaharibu. Kumbe waliotunga neno waliwapanga ndugu wa kwanza kwa usalama na ndugu wa pili kwa hatari. Kama neno lingekuwa MAGAZITOJU, yule mtoto angepewa haki yake: 14,000 kutoa 2,000 ni 12,000, jumlisha 1,000 ni 13,000.

Twakiri kwamba kwa saa moja hivi tulifurahi kwa ugunduzi huo, tukawa tunapanga kuupeleka chuoni kama neno jipya. Kijana wetu ndiye aliyetutuliza kwa kuandika 20 - 5 - 3. MAGAZITOJU haisemi ni kutoa kupi kunatangulia. Mtoto akianza na 5 − 3 atapata 18. Mkalimani anasema 12. Neno lolote la herufi halitoshi pasipo ile kanuni ya pili, kwamba wenye uzito sawa huhudumiwa kutoka kushoto. Kwa hiyo hatupendekezi neno jipya. Tunapendekeza neno la zamani liimbwe kwa vituo vitatu, MA, kisha GAZI, kisha JUTO, na watoto waambiwe kwamba GAZI ni ndugu wawili wa rika moja, na JUTO vivyo hivyo, na kwamba wa kushoto ndiye anayetangulia mlangoni.

Kanuni hii, yafaa ikumbukwe, ni mapatano ya watu. Kikokotoo cha bei nafuu cha dukani hakingoji kuuona usemi wote. Hutekeleza kila alama inapobonyezwa. Kitatoa 13,000 kwa usemi wetu, lakini ukikibonyezea 1000 + 4 × 3500 kitajumlisha kwanza na kumpatia mama shilingi 3,514,000. Na ipo lugha ya kompyuta iitwayo APL, iliyotokana na kitabu cha Kenneth Iverson cha mwaka 1962, ambayo alama zake zote zina uzito mmoja na kila alama huchukua yote yaliyo kulia kwake. Mbele ya APL mama wa Bwejuu angebaki na shilingi 2,000 tu. Kila mmoja ana mantiki yake, na mtoto aliyepata jibu tofauti huenda amefuata kanuni isiyo yetu, si kwamba hakufuata kanuni. Ila katika kisa chetu palikuwa na hakimu mwingine aliyetangulia kanuni zote, nao ni mkoba wa mama. Usemi uliandikwa ili kueleza mambo yaliyotokea kwa mfuatano. Mti uliotoa jibu lisilolingana na mkoba ulikuwa mti wa kisa kingine.

Imebaki hatua ya kukokotoa, nayo ndiyo tuliyoigeuza kuwa mchezo siku ya pili. Kanuni yake ni fupi. Ukiulizwa thamani yako na wewe ni namba, jitaje. Ukiwa alama, muulize wa kushoto kwako, umngoje. Muulize wa kulia, umngoje. Kisha fanya kazi yako na umjibu aliyekuuliza. Basi. Mkalimani hujiita mwenyewe ndani ya kazi yake mwenyewe, kwa tawi dogo zaidi, mpaka afike kwenye namba ambazo hazina wa kuuliza. Wazo hili la kanuni inayojiita lilielezwa na John McCarthy katika makala yake ya mwaka 1960 kuhusu lugha ya LISP, na wakalimani wengi wa leo wangali wakilifuata.

Asubuhi tulimwomba mwanachuo wa kwanza ruhusa ya kusimama mbele ya darasa lake. Tuliwaambia watoto kwamba jibu la jana lilikuwa kosa, kwamba kosa hilo ni la mkufunzi kabla ya kuwa la mwalimu wao, na kwamba mwenzao alikuwa sahihi. Walinyamaza kimya kizito. Nadhani hawakuwa wamezoea. Kisha tukatoka nje, uwanjani penye mchanga, tukachora mti mkubwa kwa fimbo. Watoto saba walisimama penye vipande saba, kila mmoja na kifuu cha nazi mkononi. Wa namba waliwekewa karatasi zenye namba zao ndani ya vifuu. Wa alama vifuu vyao vilikuwa vitupu.

Jaribio la kwanza lilivurugika. Aliyesimama penye kutoa alisikia “elfu mbili” kutoka kulia kwake akakokotoa papo hapo, bila kumngoja wa kuzidisha, na hakujua anatoa kutoka kwenye nini. Tukaongeza sharti kwamba mwenye alama ana vifuu viwili, cha kushoto na cha kulia, na hafungui kinywa mpaka vyote viwili vijae. Jaribio la pili lilikwenda vema. Tuliuliza juu, kwa kujumlisha. Kujumlisha akamgeukia kutoa, kutoa akamgeukia kuzidisha, kuzidisha akamgeukia nne. Nne akajitaja. Elfu tatu na mia tano akajitaja. Kuzidisha akapandisha elfu kumi na nne, kutoa akamuuliza elfu mbili, akapandisha elfu kumi na mbili, na mwisho kujumlisha akamuuliza elfu moja iliyokuwa ikingoja peke yake kulia tangu mwanzo.

Mvulana aliyekuwa kujumlisha alilalamika: “Mimi nimeulizwa wa kwanza, kwa nini nimejibu wa mwisho?” Hili ni swali ambalo vitabu vya kompyuta hutumia kurasa kadhaa kulijibu. Tulimwambia amwangalie anayepakua ngalawa: kikapu kilichotiwa kwanza kiko chini kabisa, hutoka mwisho. Mkalimani naye hurundika maswali yasiyojibiwa, la mwisho juu, na huliondoa la juu kwanza. Mvulana aliridhika, ingawa alisema kwamba mara nyingine angependa kuwa namba.

Baadaye tuliwapa baadhi ya namba majina. Nne ikawa kilo, elfu tatu na mia tano ikawa bei, kama ambavyo katika Nuru mtu huandika fanya kilo = 4, kisha fanya bei = 3500, na kutoka hapo akatumia majina badala ya namba. Mtoto mwenye jina hakuwa na karatasi. Alipoulizwa alipaswa kukimbia kwenye daftari lililokuwa juu ya jiwe, atafute jina lake na kurudi na thamani yake. Mmoja alipewa jina ambalo kwa makusudi hatukuliandika daftarini. Alitafuta kurasa zote, akarudi na kifuu kitupu, na mti mzima ukakwama, kwa sababu aliye juu yake hakuweza kujibu, wala aliye juu ya huyo. Mkalimani wa kweli hufanya vivyo hivyo: husema kwamba neno halifahamiki na kuutaja mstari lilimo. Watoto walielewa mara moja. Kisha tukabadilisha bei daftarini kutoka 3,500 kuwa 4,000 bila kuugusa mti, na jibu likapanda hadi 15,000. Walimu wa sekondari wanaohangaika kueleza herufi katika aljebra huenda wakaona njia hii ina faida.

Mchezo huu una upungufu wake. Watoto saba wanashughulika na arobaini wanatazama. Tulipochora miti mitatu kwa pamoja kelele ilikuwa kubwa mno. Aidha haumfundishi mtoto kuchora mti, bali kuutekeleza tu uliokwisha kuchorwa. Kwa kuchora tulijaribu kuwapanga watoto mstari mmoja, wenye alama wakiwavuta wenye namba kwa mikono, na ikawa vurugu tupu. Mwanachuo wa kwanza ndiye aliyetafuta njia iliyo bora siku ya tatu: kila mtoto achore kwa kalamu duara kuzunguka kazi inayofanyika kwanza, kisha duara kubwa zaidi kuzunguka hiyo na jirani yake, mpaka usemi wote uwe ndani ya duara moja. Maduara yaliyomo ndani ya maduara ni mti ule ule ukitazamwa kutoka juu.

Fomu yake ya ukaguzi ilitupa shida. Tulikuwa tumempa alama ya juu kwa somo lililokuwa na kosa, na kosa lenyewe lilitoka katika nukuu tulizompa sisi chuoni. Kumpunguzia kungekuwa kumwadhibu kwa utii wake. Tuliiacha alama kama ilivyokuwa, tukafuta maneno ya pembeni kuhusu kusahihisha kosa la mwanafunzi, na chini yake tukaandika habari ya maduara.

Siku ya kuondoka, wakati chombo kikingoja maji yajae, tuliketi na wanachuo wote wawili tukiyapitia upya madaftari ya darasa lile. Katika zoezi la siku ya kwanza, watoto watatu zaidi walikuwa wameandika 13,000, kisha wakaifuta kwa kifutio na kuandika 11,000 juu yake. Alama za kalamu ya risasi zilikuwa bado zinaonekana. Tulizipigia vema zile za chini. Madaftari ya miaka iliyopita, ya shule tulizofundisha kabla ya hapo, hatunayo.